Taa ya Usiku ya Kopo: Mwongozo wa Kuitengeneza Pamoja na Watoto

Taa ya usiku ni taa ndogo inayoachwa ikiwaka chumbani wakati mtoto amelala, na kazi yake si kuangaza chumba bali ni kumwezesha mtoto anayezinduka usiku wa manane kutambua mahali alipo, mlango ulipo na nani amelala karibu naye. Tofauti hiyo, ijapokuwa inaonekana ndogo, ndiyo inayoamua karibu kila jambo linaloelezwa katika mwongozo huu, kuanzia rangi ya mwanga hadi idadi ya matundu, kwa sababu taa inayotosha kusomea ni kali mno kwa mtoto anayetakiwa kurudi usingizini. Taa inayokusudiwa hapa hutengenezwa kwa kopo la maziwa ya unga, ambalo mtoto hulipamba kwa kulitoboa matundu kwa msumari na nyundo, kisha ndani yake huwekwa chanzo kidogo cha mwanga kinachotumia betri. Mtoto wa miaka saba na kuendelea anaweza kuifanya sehemu kubwa ya kazi kwa mikono yake mwenyewe. Kwa aliye mdogo zaidi ipo njia ya chupa na karatasi, ambayo imeelezwa baadaye.

Kutumia kopo kuwa taa si jambo geni Afrika Mashariki. Kibatari, ambacho pengine huitwa koroboi, hutengenezwa na mafundi bati kutokana na makopo yaliyokwisha kutumika, kikatiwa utambi na kujazwa mafuta ya taa, na kwa miaka mingi ndicho kilichowaangazia wanafunzi wa nyumba zisizo na umeme. Hata hivyo, kibatari hakifai kabisa kuachwa kikiwaka chumbani mwa mtoto aliyelala, kwani hutoa moshi unaodhuru mapafu, huwa na moto ulio wazi chini ya chandarua kinachoning'inia, na mafuta yake, yanapohifadhiwa katika chupa ya soda, hunywewa na watoto wanaodhani ni kinywaji. Mshumaa nao, ingawa ndani ya kopo lililotobolewa hutoa mwanga unaochezacheza wa kupendeza, una hatari ile ile ya chandarua, na kwa hiyo katika mwongozo huu hauruhusiwi hata kwa usiku mmoja.

Mwanga na umeme wake

Chanzo cha mwanga kinachofaa ni LED, jina linalotumiwa madukani kwa diodi itoayo mwanga, ambayo ni kipande kidogo cha kielektroniki kinachogeuza umeme kuwa mwanga bila kuchemsha waya kama ilivyokuwa kwa balbu za zamani, na ambacho, kikitumia umeme kidogo kama unaoelezwa hapa, hakipati joto la kumwunguza anayekigusa. Rangi yake iwe manjano iliyokoza au ya chungwa, wala isiwe nyeupe, na sababu inastahili kuelezwa kwa kirefu kidogo kwa kuwa taa nyingi za usiku zinazouzwa zikiwa tayari hukosea hapo hapo. LED nyeupe, kwa kawaida, ni LED ya buluu iliyofunikwa kwa fosfori, yaani unga unaogeuza sehemu ya mwanga huo kuwa wa manjano, na mchanganyiko wa rangi hizo mbili ndio ambao jicho huuona kuwa mweupe. Utengenezaji wa LED ya buluu yenye nguvu uliwapatia Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014, na bila yake pengine zisingekuwapo taa za sola ambazo leo zimekiondoa kibatari katika nyumba nyingi za vijijini. Lakini chumbani mwa kulala buluu hiyo ndiyo yenye lawama. Katika retina, ambayo ni utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga, zipo seli ambazo kazi yake si kuona maumbo bali ni kuuarifu ubongo kwamba ni mchana, na seli hizo huamshwa zaidi na mwanga wa buluu wenye urefu wa wimbi wa karibu nanometa 480. Zikiamshwa, ubongo hupunguza utoaji wa melatonini, homoni inayoandaa mwili kwa usingizi giza linapoingia. Na kwa kuwa lenzi ya jicho la mtoto ni angavu kuliko ya mtu mzima, mwanga unaoifikia retina yake huwa mwingi zaidi. LED ya manjano haitumii fosfori wala haina buluu ya kufichwa, na juu ya hayo ni miongoni mwa zile za bei ndogo kabisa dukani.

Saketi yake, yaani mzunguko kamili ambamo umeme hupita, ina vitu vinne tu: LED moja ya milimita 5, rizista moja, kibebeo cha betri mbili za saizi ya AA chenye swichi, na waya. Betri mbili hutoa volti 3, ilhali LED ya manjano huhitaji karibu volti 2, na ziada hiyo ya volti 1 isipozuiliwa hupitisha umeme mwingi unaoweza kuiunguza LED. Kuizuia ndiyo kazi ya rizista. Rizista ya omu 220, ambayo katika zile zenye mistari minne hutambuliwa kwa mistari ya nyekundu, nyekundu na kahawia ikifuatwa na mstari wa dhahabu, hupitisha takriban miliampea 4.5, kiasi kinachotosha kwa taa ya usiku. Ikiwa mwanga utaonekana hafifu kupita kiasi, rizista ya omu 100 huuongeza karibu mara mbili, lakini hapo betri nazo huisha haraka mara mbili. Kwa rizista ya kwanza, betri mbili za alkali zilizo mpya huweza kuiwasha taa kwa saa kumi kila usiku kwa zaidi ya mwezi mmoja, ilhali zile za bei ya chini zisizo za alkali hudumu kwa muda mfupi zaidi. Vifaa hivi hupatikana katika maduka ya vipuri vya redio, kwa mfano Kariakoo mjini Dar es Salaam au Luthuli Avenue mjini Nairobi, na fundi redio yeyote anaweza kuviunga kwa risasi katika dakika chache endapo mzazi hana chombo cha kuchomelea. Mguu mrefu wa LED huungwa upande wa chanya na ule mfupi upande wa hasi, kwani ikigeuzwa haiwaki. Hilo mtoto aachiwe aligundue mwenyewe kwa kujaribu, maana kwa betri mbili tu halimdhuru yeye wala kuiharibu LED.

Jambo moja halina mjadala. Betri bapa za mviringo, zinazofanana na sarafu na kutumiwa katika saa, rimoti na taa nyingi ndogo za mapambo, zisitumiwe katika kazi hii wala zisiachwe mahali ambapo mtoto anaweza kuzifikia. Betri ya aina hiyo yenye kipenyo cha milimita 20 ikimezwa hukwama kwenye umio, ambao ni mrija wa chakula unaotoka kooni kwenda tumboni, na umeme wake hugeuza unyevu wa mwili kuwa kemikali kali inayoweza kuchoma nyama ndani ya saa mbili, mara nyingi bila dalili za kumshtua mzazi mapema. Marekani ilitunga sheria mwaka 2022 inayotaka vifaa vyenye betri hizo viwe na kifuniko ambacho mtoto hawezi kukifungua. Anayeshukiwa kumeza betri hupelekwa hospitali papo hapo, wala hatapishwi. Hata kwa betri za AA, kibebeo kinachofaa ni kile ambacho kifuniko chake hufungwa kwa skrubu.

Kopo na barafu

Kopo linalofaa ni lile la gramu 400 au lililo karibu na hapo, lenye mfuniko wa plastiki na ukingo uliokunjwa tangu kiwandani, kwa sababu kopo lililofunguliwa kwa kisu au kopena huacha makali yasiyokwisha hata kwa kusuguliwa. Mabaki ya karatasi ya metali inayoziba mdomo hubanduliwa na mtu mzima, kopo huoshwa, na karatasi ya nje huondolewa kwa kulowekwa katika maji ya moto. Pale ambapo maandishi yamechapwa moja kwa moja juu ya bati, yaachwe, kwani yatafunikwa na rangi.

Kopo tupu likipigwa msumari hubonyea badala ya kutoboka, na ndiyo maana hujazwa maji na kugandishwa usiku kucha katika friza, ili barafu ilishikilie bati kutoka ndani wakati msumari unapopita. Maji yakiganda huongezeka ujazo kwa karibu asilimia 9, kwa hiyo huishia sentimita 2 chini ya ukingo. Vinginevyo kopo hupasuka kwenye kiungo chake. Hata kwa tahadhari hiyo, kitako chaweza kutuna kidogo, na hurudishwa baadaye kwa kugongwa taratibu na nyuma ya nyundo. Nyumba isiyo na friza hutumia mchanga uliolowa na kushindiliwa barabara, au gogo lililochongwa likaingia kopo kwa kubana, ingawa ni haki kusema kwamba mchanga hauna ushikiliaji wa barafu na mabonyeo machache yatatokea.

Nakshi: pindo, mji na jina

Sehemu hii ndiyo ya mtoto, na ndiyo inayohitaji muda mrefu zaidi. Mtoto akipewa kopo na msumari bila mpango wowote, hutoboa ovyo kwa dakika kumi kisha huchoka, na kopo lenye matundu ya ovyo huangaza chumba kizima pasipo kuonyesha kitu. Mpango unaoweza kuazimwa upo tayari katika kila nyumba ya Pwani, nao ni ule wa kanga, vazi ambalo uso wake hugawanyika katika sehemu tatu: pindo, ambalo ni ukanda wa nakshi unaozunguka kingo zote, mji, ambao ni uwanja wa kati wenye picha au maumbo makubwa, na jina, ambalo ni maneno yanayochapwa sehemu ya chini ya mji, juu kidogo ya pindo. Kopo, kwa kuwa ni la mviringo, halina ncha mbili za pembeni, na kwa hiyo pindo lake hubaki la juu na la chini tu, na mji huzunguka pasipo mwanzo wala mwisho.

Mzingo wa kopo, yaani urefu wa kulizunguka mara moja, hupimwa kwa uzi. Kopo lenye kipenyo cha sentimita 10 lina mzingo wa karibu sentimita 31. Karatasi hukatwa kwa urefu huo na kwa kimo cha kopo, kisha mtoto huikunja katikati mara mbili ili ikikunjuliwa iwe na vyumba vinne vilivyo sawa, na katika kila chumba huchora umbo moja la mji. Umbo la korosho, ambalo ni la kawaida sana katika kanga, hutoka vizuri kwa matundu kumi na matatu hivi yaliyofuata ukingo wake. Samaki, jahazi na nyota navyo hukubali. Wanyama wenye miguu myembamba huwashinda wengi, na mtoto anayeng'ang'ania twiga aruhusiwe amchore twiga huyo mkubwa peke yake akachukua upande mzima. Pindo hupangwa mwisho, tundu moja kila sentimita 1, juu na chini.

Jina lahitaji hesabu. Maneno LALA SALAMA yana herufi kumi na nafasi moja, na kila herufi ikipewa upana wa sentimita 2.5 pamoja na mwanya wake, yote huchukua sentimita 27.5 na kubakiza kidogo tu pale yanapokutana. Herufi yenye kimo cha sentimita 2, iliyochorwa kwa tundu kila nusu sentimita, husomeka. Iliyo ndogo zaidi haisomeki, na matundu yaliyokaribiana kuliko hapo hulichana bati. Maneno hayo peke yake yanadai matundu yasiyopungua 80, hivyo mtoto mwenye haraka atosheke na jina lake au herufi yake ya kwanza. Kwa ujumla matundu 200 hivi ndiyo kikomo kinachofaa, kwa kuwa kila tundu linaloongezwa huongeza mwanga, na sehemu zilizoachwa tupu ndizo zinazoifanya nakshi ionekane.

Tahadhari inayosahaulika mara nyingi ni kwamba taa hii husimama kichwa chini, mdomo wa kopo ukiwa chini na kitako chake juu, ili mfuniko wa plastiki uwe sakafu ya kushikilia saketi. Karatasi yenye mchoro lazima ibandikwe ikiwa sehemu ya chini ya herufi inaelekea mdomo wa kopo. Ikibandikwa vinginevyo, jina zima litasomeka miguu juu, na tundu la bati halifutiki.

Kutoboa

Kopo lililoganda hulazwa juu ya taulo nene lililokunjwa, ambalo hulizuia lisibingirike na kufyonza maji, na karatasi hushikizwa kwa utepe. Misumari miwili ya unene tofauti yatosha, mwembamba kwa pindo na jina, mnene kwa mji. Mtoto asiushike msumari kwa vidole bali kwa kibanio cha nguo, ili nyundo ikikosea ipige mti au plastiki. Na nyundo iwe nyepesi, kwani nyundo nzito ya useremala humchosha mtoto na kulegeza shabaha yake. Tundu moja hutoboka kwa mapigo mawili au matatu. Watoto wakiwa wengi, kila mwenye nyundo awe na mtu mzima wake, na wengine wachore au wapake rangi wakingoja zamu. Kundi la watoto watano wenye nyundo tano chini ya mzazi mmoja si kazi ya mikono tena. Barafu ikianza kucheza ndani ya kopo, kazi husimamishwa na kopo kurudishwa katika friza, na hakuna ubaya wowote kazi ikichukua siku mbili.

Tundu lililokaa pembeni ya alama yake liachwe lilivyo. Mzazi anayeuchukua msumari ili kunyoosha mstari huishia na taa iliyonyooka ambayo mtoto haihesabu kuwa yake.

Barafu ikishatoka, makali yaliyosukumwa ndani na msumari husuguliwa kwa tupa au msasa na mtu mzima aliyevaa glavu, na kopo hukaushwa siku hiyo hiyo. Bati la kopo ni chuma kilichopakwa stani, metali isiyoshika kutu kwa urahisi, na kila tundu hukifichua chuma hicho, kwa hiyo katika miji ya Pwani, ambako hewa ina chumvi, kutu huweza kuonekana mapema. Rangi husaidia. Rangi ya akriliki, inayochanganywa kwa maji, hushika ikiwa bati limesuguliwa kwanza kwa msasa laini, na watoto huifurahia. Mabaki ya rangi ya mafuta ya geti yaliyo stoo yasitumiwe, kwa sababu rangi za zamani huweza kuwa na risasi, sumu inayodhuru ubongo wa mtoto, na ambayo Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa hupendekeza isizidi sehemu 90 kwa milioni katika rangi. Edward Saidi Tingatinga alianza uchoraji wake Dar es Salaam kwa rangi za mafuta za kung'aa, na wafuasi wake bado huzitumia kwa uzuri mkubwa, lakini picha ya ukutani haishikwi na mtoto kila usiku.

Kuunganisha na kuweka mahali pake

Kibebeo cha betri hugundishwa juu ya mfuniko wa plastiki upande wa ndani, na LED husimamishwa katikati ikielekea juu. LED angavu hutupa mwanga wake mbele tu kwa upana mdogo, ikaangaza kitako cha kopo na kuyaacha matundu ya pembeni gizani; ili mwanga usambae, kichwa cha LED husuguliwa kwa msasa hadi kiwe na ukungu, kazi ambayo mtoto huiweza bila msaada. Miguu ya LED na viungo vya waya hufungwa kwa utepe mweusi wa mafundi umeme visigusane wala kugusa bati, kisha kopo hufunikwa juu ya mfuniko wake.

Mahali pa taa ni chini ya usawa wa kitanda, karibu na ukuta na mbali na macho ya mtoto. Ikisogezwa karibu na ukuta uliopakwa chokaa, madoa ya mwanga huwa madogo na nakshi hutambulika. Ikiwekwa mbali, madoa hukua, hufifia na kuchanganyikana. Kipimo cha mwisho hufanywa usiku, taa nyingine zote zikiwa zimezimwa: mtu mzima akae chumbani dakika kumi hadi macho yazoee giza, kisha afungue kitabu, na akiweza kukisoma, taa ni kali na baadhi ya matundu yazibwe kwa vipande vya utepe kutoka ndani.

Kwa mtoto wa miaka mitatu hadi sita, nyundo na kopo huwekwa kando, na badala yake hutumiwa chupa ya jemu ya plastiki angavu pamoja na karatasi laini za rangi za kutengenezea tiara. Gundi yake ni uji wa unga wa ngano, kikombe kimoja cha unga kwa vikombe vitano vya maji, uliopikwa hadi ukawa mzito na kuachwa upoe. Mtoto huchana karatasi kwa vidole, huzibandika kwa kuzipishanisha, na mtu mzima hupaka uji mwembamba juu ya zote. Rangi za manjano, chungwa na nyekundu hupitisha mwanga wa LED hii vizuri, ilhali buluu na kijani huonekana kama weusi, jambo ambalo mtoto aelezwe kabla hajamaliza bahari yake yote kwa karatasi ya buluu. Saketi hubaki ile ile.

Kopo likianza kuoza kwa kutu, hutupwa bila huzuni, kwani saketi haitupwi nalo: LED inayotumia umeme mdogo hivi hudumu makumi ya maelfu ya saa, na huhamishiwa kopo jipya ambalo mtoto, akiwa amekua, atalitoboa upya. Betri zilizokwisha zitolewe mara moja, kwa kuwa zikiachwa ndani huvuja na kuozesha kibebeo, ambacho ndicho kifaa cha gharama kubwa kuliko vingine vyote katika taa hii.